Soma Kosa la Kwanza

Juzi alikuja kwangu binti wa jirani, yuko chuo kikuu, laptop kwapani. Programu yake ilikuwa imemkatalia na alitaka nimsaidie. Nikamwambia afungue tuone. Akafungua, na papo hapo akaweka kiganja juu ya kioo kufunika sehemu ya chini, pale ambapo maneno mekundu yalikuwa yamejipanga.

"Hapo usiangalie kwanza, Madam," akasema. "Hapo ni aibu tupu."

Nilifoka. Sikujua kama bado ninayo sauti ile. Mama yake alitoka jikoni kwake mbio akidhani ng'ombe ameingia kwenye mahindi yangu. Nilimwambia yule binti kwamba mgonjwa hamfichi daktari kidonda, na kwamba hayo mekundu ndiyo kitu pekee cha maana kwenye kioo chake, na akiyaficha tena asije kwangu hata kuazima chumvi. Akaondoa mkono. Kosa lilikuwa dogo, tukalimaliza kabla chai haijapoa, lakini mimi nilikaa na hasira mpaka jioni.

Ninyi vijana mnaojifunza kazi hii leo, mnaniona bibi mkali. Ni kweli, mimi ni mkali. Nimestaafu, magoti yananiuma, kazi nimewaachia, ila hasira hii imekataa kustaafu. Nitawaambia ilikotoka, na sitawaomba radhi nikipandisha sauti katikati.

Chuo chetu kilikuwa Suna, mjini Migori, ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari. Kwa miaka mingi kilikuwa chuo cha taipureta, na mimi nilikuwa mwalimu wa taipureta. Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Prinsipo wetu aliuza taipureta zote, akanunua kompyuta kuukuu zilizochoka katika ofisi moja ya Kisumu, kisha akamwita mchoraji aongeze neno moja kwenye ubao wa nje kwa rangi nyekundu: JAVA. Alikuwa amelisikia Nairobi. Migori nzima wakati ule ukisema Java watu walidhani ni sabuni mpya. Wazazi wakapenda, wakaleta watoto. Ndani ya jengo lile hapakuwa na mtu aliyejua kwamba Java ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kuanzia Prinsipo mpaka mfagiaji.

Nilimuuliza nani atafundisha. Alinitazama kana kwamba nimeuliza nani atafunga madirisha.

"Wewe, Madam Robi. Si ni typing tu?"

Si ni typing tu! Hata leo nikiyakumbuka maneno hayo nahisi joto masikioni. Mtu anachora neno barabarani, anapokea watoto wa watu, halafu ndipo anamtafuta wa kufundisha. Na msidhani watu kama hao wameisha. Nimepita mjini mwezi uliopita, nimesoma mabango, nimenyamaza tu kwa sababu nilikuwa na mzigo.

Basi Prinsipo akanipeleka kujifunza, tena Jumamosi tu, ili kazi ya wiki isiharibike. Homa Bay kulikuwa na kijana aitwaye Odhiambo, aliyeshughulikia kompyuta katika ofisi moja ya mradi wa samaki. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye kicheko kinachofika barabarani, na alikuwa na Java kwenye sahani ya CD aliyoitunza kama cheti cha kuzaliwa. Mimi ni Mkuria wa Ntimaru, yeye ni Mjaluo, na ingawa nilimzidi umri, tangu siku ya kwanza aliniita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Nilimwacha. Mwalimu ni mwalimu hata akiwa mdogo.

Hapakuwa na mapicha wala vitufe vya kubofya. Kulikuwa na dirisha jeusi lenye maandishi meupe, basi. Unaandika programu yako pembeni, unaihifadhi, unarudi kwenye dirisha jeusi, unaiambia mashine iikague, unabonyeza Enter. Ikiwa umekosea, inakujazia kioo malalamiko. Ikiwa uko sawa, inanyamaza. Haikupongezi. Inanyamaza tu, na inakungoja uendeshe.

Zoezi la kwanza, programu itaje jina langu. Zoezi la pili, ijumlishe namba mbili. Nikaandika haraka bila kutazama vitufe, na Odhiambo akapiga mluzi. "Yawa! Huyu mama ana vidole." Nikabonyeza Enter. Ikakataa. Nikaandika tena. Ikakataa. Mchana wote ikakataa, na Odhiambo naye hakuona kasoro, maana kwenye kioo kila kitu kilikuwa sawa.

Shida ilikuwa vidole vyenyewe. Taipureta niliyojifunzia haikuwa na kitufe cha moja. Ukitaka moja ulipiga herufi l ndogo, na karatasini hakuna aliyejua tofauti. Kwa hiyo hesabu yangu yote ilikuwa imejaa l, na mashine ilikuwa ikiniambia, kwa haki kabisa, kwamba haimjui huyo l ni nani. Nami niliiambia mashine mambo ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Wiki iliyofuata nikaleta ubaya mwingine wa taipureta. Sentensi ikifika karibu na ukingo, mkono wangu ulikata neno kwa kistari na kushuka mstari wa chini, kwa sababu kwa miaka mingi kengele ilikuwa ikilia hapo na mkono ukitii. Java haitaki maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu yakatwe hivyo. Odhiambo alicheka mpaka akatoka nje.

Lakini fundisho lililonibadilisha lilikuja siku programu ilipokubali. Ilijumlisha vizuri, nikaegemea kiti, nikakunja mikono kama mpiga chapa aliyemaliza ukurasa bila doa.

"Sasa ivunje," Odhiambo akasema.

"Niivunje?"

"Ndiyo. Toa hiyo semicolon. Halafu weka Enter tuone italia aje."

Nilikataa. Mnaweza kuona ni upuuzi, ila mimi nilitoka kwenye kazi ambayo kosa moja ni karatasi kutupwa. Katika mtihani wa taipureta kila kosa lilikatwa alama, na makosa yakizidi unafeli, hata kama barua yenyewe inasomeka. Tulifundishwa kuogopa kosa kama moto. Odhiambo akanyoosha mkono, akafuta ile nukta na mkato mwenyewe, akabonyeza. Kioo kikajaa. Nikasogeza kiti nyuma, nawaambieni kweli.

"Usiogope wingi," akasema. "Soma ya kwanza peke yake. Nyar Kuria, wewe umewahi kwenda matanga kwetu? Ukifika unasikia boma lote linalia. Sasa waliofiwa ni wote? Aliyefiwa ni mmoja, yule wa kwanza. Wengine wanalia kwa sababu yeye analia. Mtafute huyo, mpe pole, utaona boma limetulia."

Nikasoma la kwanza. Nikarudisha nukta na mkato. Nikabonyeza, na boma likatulia.

Hiyo ndiyo elimu yangu yote, vijana. Nyingine ni mapambo. Andika mistari michache, bonyeza, usingoje programu iwe ndefu kama hotuba ya chifu. Ikilalamika, soma la kwanza, rekebisha hilo tu, bonyeza tena. Mashine ikikuonyesha mstari na huoni kitu, tazama mstari wa juu yake, kwa sababu mara nyingi mwizi amepita pale. Ikisema haioni faili yako, usilie, hakikisha Notepad unayoandikia haikukuongezea jina la pili, ile .txt, nyuma ya jina lako bila kukwambia. Wakati huo hata kusoma namba moja kutoka kibodi kulihitaji mistari mingi ya kubembeleza, leo mmerahisishiwa, na bado mnaficha. Kila ukiandika programu inayofanya kazi, ivunje makusudi mara kadhaa kabla hujalala, usikie kila kosa linalia vipi. Siku likija lenyewe utalitambua kwa sauti.

Hivyo ndivyo nilivyorudi kufundisha Suna. Na hapo ndipo namleta Auma.

Auma alitoka Sindo, kando ya ziwa, binti wa mama mwanika omena, wale dagaa wa ziwani. Msichana mrefu, mchokozi, hakai kimya. Mazoezi ya kuvunja aliyapenda kuliko ya kujenga. Angefuta bano, halafu kabla ya kubonyeza angewatangazia wenzake, "Ngojeni, sasa hii italia mstari wa nne, na italalamika juu ya kitu ambacho hakina makosa." Anabonyeza. Kweli, inalia mstari wa nne. Darasa linacheka. Nimefundisha watu wengi tangu hapo, na wachache sana walilielewa jambo hili kama alivyolielewa yeye. Alicheza na kosa kama mtoto anavyocheza na mbuzi wa nyumbani, akijua anakopigia pembe.

Nyumbani walikuwa wamemwambia wazi. Kozi hii ikiisha bila kazi, anarudi kwenye omena na mjadala umefungwa. Naye aliniambia bila kuficha, "Madam, mimi omena naijua tangu nizaliwe. Hii ndio sijashiba."

Kisha Odhiambo akaniletea habari. Ofisi yao ilikuwa inatafuta msaidizi mmoja wa kompyuta. "Niletee mtu wako," akasema. "Mmoja tu, lakini awe anajua kuvunja." Nilimtaja Auma kabla hajamaliza sentensi. Ofisi ilitaka cheti cha chuo, na cheti kilitoka kwa mtihani wa Prinsipo. Kwangu hilo halikuwa na wasiwasi. Auma kufeli Java? Ningeamini kwanza kwamba Mkuria amekataa nyama.

Sasa niwaambie kuhusu Prinsipo. Alikuwa msahihishaji wa mitihani ya taipureta kwa muda mrefu, na alijivunia hilo kuliko watoto wake. Aliingia darasani kwangu siku moja, akaona kioo cha mwanafunzi kimejaa malalamiko, na chini kabisa mashine imeandika jumla ya makosa, maana ndivyo inavyofanya. Alifurahi sana. Mashine inajihesabia makosa yenyewe! Tangu siku hiyo akaweka sheria: ambaye kioo chake kinaonyesha makosa asimame kando ya mashine yake mpaka wenzake wamalize. Nilimweleza kwamba kusahau bano moja kunaweza kuzaa makosa thelathini, na kwamba yote ni lile moja. Nilimweleza kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa chaki.

"Madam Robi," akanijibu, "kazi safi haina kosa. Mimi nimesahihisha mitihani kabla wewe hujajua kuvaa viatu."

Nikawa nikiwaketisha akitoka, naye akiwasimamisha akiingia. Wanafunzi wakaanza kugawanyika. Wengi wakaacha kujaribu kitu chochote. Walikariri programu za kitabuni neno kwa neno, wakazipiga zilivyo, wakabonyeza, wakakaa. Okoth ndiye aliyekuwa bingwa wao, kijana mpole, safi, ambaye hakuwahi kusimama hata mara moja na hakuwahi kuandika kitu chake mwenyewe hata mara moja. Auma alisimama karibu kila siku. Alicheka akisimama. Nilidhani kicheko kile ni cha kweli.

Siku ya mtihani swali nilitunga mimi. Programu iulize makarai ya samaki yaliyofika ufuoni kila siku ya juma, kisha iseme ni siku gani ilishinda nyingine. Watoto wa huku wanalijua jambo hilo hata usingizini, iliyobaki ni kuliandika. Okoth alisoma swali, akaliweka kando, akapiga programu ya kitabuni ya kutafuta namba kubwa. Ilitafuta kubwa kati ya namba za kitabuni. Haikuuliza mtu chochote. Haikuwa na kosa.

Auma aliandika ya kwake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaiona, na nikafurahi kimoyomoyo, kwa sababu ilikuwa fupi na nzuri. Alikuwa ameruka bano moja lililopinda, lile la kufungulia. Sikusema, ni mtihani, na nilijua akibonyeza ataliona. Akabonyeza. Kioo kikajaa mpaka kikaanza kukimbia. Akainama kutafuta la kwanza, na nikamwona akitabasamu. Alikuwa ameshalipata.

Kengele ikalia. Prinsipo alikuwa na kengele ndogo ya mezani tangu enzi za taipureta, na alikuwa amefika nyuma yetu bila viatu kusikika.

"Hands up, Auma."

"Prinsipo, ni bracket moja tu imebaki, wacha niweke..."

"Nimesema hands up!"

Akainua mikono. Prinsipo akachukua kalamu nyekundu, akaanza kugonga kioo kwa ncha yake, kosa kwa kosa, akihesabu kwa sauti. Darasa zima likaacha kuandika. Alihesabu taratibu, kwa utamu, na kila akimaliza ukurasa alisogeza mwingine. Nilimwambia ni kosa moja. Nilimwambia tena. Nikamshika mkono wenye kalamu, jambo ambalo mwanamke hakumfanyia mkuu wake siku zile, na hata leo sijui kama mnalifanya.

"Ni moja, Prinsipo! Mwache abonyeze tena, utaona!"

"Macho yangu yanaona kioo kimejaa, Madam. Hata kuhesabu sasa unataka kunifundisha?" Kisha akamgeukia Auma, na hapa ndipo sijamsamehe mpaka leo. "Wewe unacheka cheka hapa kila siku. Unaona hii? Hii ndio kichwa yako. Rudi Sindo ukahesabu omena, hiyo haina error."

Akafuta kazi yake. Auma akasimama kando ya mashine mpaka mtihani ulipokwisha, mikono imeshuka. Hakucheka. Wakati wa kutoka alinipita mlangoni na kusema kitu kimoja tu, "Aki Madam, ilikuwa imebaki kidogo tu," na nikamwona akishuka ngazi kwa uangalifu, kama mtu anayepita penye utelezi.

Mimi nilimwachia Prinsipo funguo za darasa palepale, mezani, mbele ya wote. Mengine niliyomwambia hayafai kuandikwa. Nilikuwa nimekwisha na chuo kile.

Siku chache baadaye nikaenda Homa Bay nikiwa na hasira ya kutosha kuchemsha maji. Odhiambo alikuwa ameshamwona mwenye cheti.

"Okoth alikuja jana," akaniambia. "Nikampa exercise kidogo tu. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, hii iko page gani?"

Tulicheka, na kicheko kikaisha haraka. Odhiambo akasema habari ya cheti atazungumza na bosi wake mwenyewe, yeye anataka anayejua kuvunja. "Mlete huyo nyar Sindo. Akae hapa kwa hii kiti, nimwone akiandika. Basi."

Nilimtumia Auma ujumbe kwa mama mmoja wa omena anayefika sokoni Homa Bay. Akaja. Alikuwa amevaa sketi ya kanisani na nywele zimesukwa upya. Odhiambo akamkaribisha, akamtania, akampa lile lile zoezi la makarai, maana nilimwomba liwe hilo. Auma akakaa, akaanza kuandika.

Nilikuwa nimezoea kumwona akipiga mistari mitatu, anabonyeza, anacheka, anarekebisha. Siku hiyo aliandika yote bila kubonyeza hata mara moja. Aliandika polepole. Alimaliza, akaisoma kutoka juu mpaka chini. Akaisoma tena. Akahesabu mabano kwa kidole bila kugusa kioo. Mkono ukaenda kwenye Enter, ukasimama, ukarudi kwenye sketi.

"Bonyeza, nyar Sindo," Odhiambo akasema.

"Na ikikataa?"

"Ikikataa tunasoma. Si ndio kazi?"

"Na wakiona?"

Odhiambo alinitazama. Chumba kile kilikuwa na sisi watatu tu. Nilimwambia, "Auma, hapa hakuna mtu wa kuhesabu." Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Mkono ukaenda tena, ukarudi tena. Odhiambo akasema anatoka nje kidogo, akanipa ishara nami nimfuate, tukadhani labda Auma anahitaji kuwa peke yake. Tulisimama barandani tukizungumza mambo ya bure kwa sauti kubwa ili asijisikie anasikilizwa.

Mlango ukafunguka. "Asante Odhiambo, asante Madam," akasema. "Mimi narudi nyumbani. Mtanisamehe." Alisema kwa adabu kabisa, adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake. Nilimfuata mpaka barabarani nikimbembeleza. Hakugombana na mimi. Alisema ndiyo, ndiyo, Madam, huku akitembea, mpaka akapanda gari.

Niliporudi ofisini, Odhiambo alikuwa ameinama mbele ya mashine. Programu ilikuwa bado pale, kama alivyoiacha. Akabonyeza Enter.

Mashine ikanyamaza.

Hapakuwa na mstari hata mmoja wa malalamiko. Akaiendesha. Ikauliza makarai ya Jumatatu, ikauliza ya Jumanne, ikaenda hivyo mpaka Jumapili. Odhiambo akaijaza namba za ovyo, ikamtajia siku iliyoshinda. Akajaza nyingine, ikamtajia. Alikaa chini kwenye kiti alichokuwa amekaa Auma, akaanza kuisoma mstari kwa mstari.

Mkiniuliza hasira ni nini, hiyo ndiyo. Si kufeli. Watu wanafeli na kesho wanaamka. Ni mtu aliyekuwa hana woga, akafundishwa woga kwa kengele na kalamu nyekundu, mpaka akawa na jibu sahihi mbele yake na mkono ukakataa. Na aliyemfundisha alilala vizuri usiku wa mtihani. Ninajua, maana kesho yake alisherehekea matokeo na kununulia darasa soda.

Odhiambo alisema anaweza kumngoja Auma wiki moja, zaidi ya hapo bosi wake hatakubali. "Na kama haji, basi ingia wewe, Nyar Kuria. Umetupa funguo, utakula nini?" Alisema kweli. Kazi ilikuwa nzuri, kiti kilikuwa kizuri, na mimi nilikuwa nimechoka na watoto wa watu. Nilikuwa nimeshaamua nusu. Lakini kwanza nikaenda Sindo.

Niliwakuta ufuoni, yeye na mama yake, wakitandaza omena kwenye nyavu zilizolazwa mchangani. Mama yake aliniletea debe nikalie. Auma alinisalimia, akaendelea na kazi.

"Ilikubali, Auma," nikasema.

"Nini?"

"Programu yako. Odhiambo alibonyeza baada ya wewe kuondoka."

Mikono yake ikasimama. "Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza. Haikusema kitu."

"Basi ni sawa," akasema, na akaanza tena kutandaza, akizitenga zisibebane.

"Nafasi ipo bado. Odhiambo anakungoja. Twende wote, hata leo."

"Si mimi nakataa, Madam. Ni mkono. Hata hapa nikiwaza tu hiyo Enter, naona Prinsipo na hiyo kalamu yake. Siwezi kwenda kukaa kwa ofisi ya watu nikiogopa kitufe." Akanyoosha mgongo. "Chukueni mtu mwingine."

"Wamesema niingie mimi."

"Wewe?" Akanigeukia. "Wewe ufanye kazi Homa Bay? Na Suna nani anafundisha?"

"Prinsipo mwenyewe."

"Java?"

"Java."

"Na wale wamebaki? Si kulikuwa na class ingine inaanza?"

"Imeanza," nikasema. "Imejaa."

Sikuwahi kumwona Auma akikasirika. Siku zote zile za kusimamishwa, hata siku ya kalamu, sikumwona. Sasa alitupa omena zilizokuwa mkononi, akaja mpaka nilipokaa, na sauti yake ikawafikia waliokuwa wakivuta mashua.

"Halafu wewe umekuja hapa kufanya nini? Kunitazama? Mimi nimeshakwisha, Madam! Hao bado! Amewaweka huko na hiyo kengele yake, na wewe umekaa kwa debe ya mama yangu!"

"Auma!" mama yake akamkemea. "Mwalimu anaongeleshwa hivyo?"

"Mama, wacha. Toka hapa, Madam. Rudi Suna."

Nikaamka kwenye lile debe. Sikumuaga Odhiambo, nilimtumia salamu baadaye kwamba kazi sitaichukua. Nilipofika chuoni Prinsipo alikuwa juu ya ngazi, ameziba njia, na akaniuliza kwa kejeli ni kitu gani nilichosahau.

"Wanafunzi," nikamwambia, nikampita.